Ugonjwa adimu na bima ya umma: dawa ipo, mbona mgonjwa haipati?

Ugonjwa adimu ni upi?
Ulaya huuita hivyo ugonjwa unaowapata watu wasiozidi 5 kati ya 10,000. Kila mmoja una wagonjwa wachache, lakini magonjwa yenyewe yanazidi 6,000. Mengi ni ya kijenetiki na huanza utotoni.

Nina kadi ya bima. Ninakwama wapi?
Mara nyingi ni kabla hata ya kufika kwenye dawa. Bima hulipia ugonjwa uliothibitishwa, na mgonjwa huyu anaweza kuzunguka kwa madaktari miaka kadhaa bila kuambiwa anaumwa nini. Kipimo cha jeni ambacho kingetoa jibu, huenda hakimo kwenye kitita cha mafao.

Tatizo si bei tu?
Bei ni kubwa kweli. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa watoto wenye SMA, ugonjwa unaodhoofisha misuli, na mtengenezaji akaiuza kwa takriban dola milioni 2.1 kwa dozi moja. Lakini bima pia hudai utafiti uliohusisha wagonjwa wengi. Watatoka wapi? Kigezo hicho hakiwatendei haki watu hawa.

Halafu kuna linaloniuma zaidi. Mtoto mwenye fenilketonuria hawezi kumeng'enya vizuri fenilalanini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye nyama, maziwa na maharage. Matone ya damu ya kisigino, siku chache baada ya kuzaliwa, yanatosha kumgundua. Tiba yake kuu ni mlo maalumu pamoja na unga maalumu wa protini, wenye fenilalanini kidogo sana au usio nayo kabisa. Akiukosa, ubongo unaharibika. Ila unga huo ukiorodheshwa kama chakula, bima inaweza kukataa kuulipia. Mzazi ameshika kopo mkononi, anaambiwa hii si dawa. Kwa mtoto huyu, ndiyo dawa.

Ombi likikataliwa?
Dai sababu kwa maandishi, na uulize siku ya mwisho ya kukata rufaa. Barua ya daktari bingwa itaje jina kamili la ugonjwa, majibu ya vipimo, tiba zilizokwisha kujaribiwa, na jambo ambalo wengi husahau: mgonjwa ataharibikiwa nini akisubirishwa. Kwenye SMA, neva zilizokufa hazirudi. Hilo liandikwe waziwazi.

Nikikubaliwa, yameisha?
Bado. Mgonjwa wa Gaucher, kwa mfano, ambaye mwili wake una upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta, huweza kuhitaji dripu ya kimeng'enya hicho kila wiki mbili, maisha yake yote, ilhali kibali huwa na mwisho. Anza kuomba kipya mapema, dozi zisikatike.