Poti na faiawoli katika kuhamisha nakala rudufu

Poti ni namba, kuanzia 0 hadi 65535, inayoambatana na anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) ili data iliyofika kwenye kompyuta ikabidhiwe programu inayohusika. SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, kwa kawaida husikiliza poti 22; rsync, programu ya kunakili mafaili, inapoendeshwa kama huduma hutumia 873; na mafaili yanayoshirikiwa katika Windows hupitia 445. Faiawoli, yaani kizuizi kinacholinda mtandao, hukagua kila muunganisho unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa poti ipi, kisha huruhusu au hukataa kulingana na kanuni ilizopewa.

Jambo linalowatatiza wengi ni mwelekeo. Kanuni ya faiawoli huandikwa kwa kumtazama anayeanzisha muunganisho, wala si kule data inakoelekea, kwa sababu faiawoli za sasa hukumbuka muunganisho ulioruhusiwa na kuyapitisha majibu yake bila kanuni ya pili. Tuchukue kampuni yenye seva ya hesabu Kariakoo na seva ya nakala rudufu Mikocheni, inayotumia Bacula, programu ya kuchukua nakala rudufu. Msimamizi wa kazi, yaani sehemu ya Bacula inayoratibu kazi hizo, iliyoko Mikocheni, huiita seva ya Kariakoo kwa poti 9102. Baada ya hapo seva ya Kariakoo yenyewe ndiyo inayofungua muunganisho kwenda ghala la nakala la Mikocheni kwa poti 9103. Fundi akifungua 9102 peke yake, ataona kazi imeanza, kisha imekwama bila kupeleka hata faili moja.

Panapowezekana, naona ni salama zaidi seva ya nakala iwe ndiyo inayovuta data, badala ya kupelekewa. Ikitumia rsync juu ya SSH, Mikocheni huingia Kariakoo kwa poti 22, na faiawoli ya Mikocheni haihitaji kufungua mlango wowote kwa ajili ya Kariakoo. Virusi vya kudai fidia (vinavyofunga mafaili ili mwenyewe alipe) vikiishika seva ya hesabu, havitapata njia ya kuzifikia nakala moja kwa moja, ingawa ni lazima matoleo ya siku zilizopita yatunzwe, la sivyo mafaili yaliyokwisha kuharibiwa yatavutwa na kufuta yale mazima. Poti 445 isiachwe wazi kwenye intaneti kamwe: WannaCry, mojawapo ya virusi hivyo vya kudai fidia, mwezi Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia huko.

Kanuni itaje anwani za pande zote mbili. Kuruhusu “kutoka popote” kwa kuwa kazi imegoma usiku ni kosa zito.

Kuna pia ukimya. Kazi inayochukua saa nyingi huwa na muunganisho wa maelekezo usiosema chochote wakati data inapita kwenye muunganisho mwingine, na faiawoli yenye muda mfupi wa kusubiri huukata ikidhani umekufa. Linux, isipobadilishwa, hutuma ishara ya uhai baada ya sekunde 7,200, tena kwa programu zilizoiomba tu. Kwa hiyo muda huo upunguzwe uwe chini ya ule wa faiawoli.