John Cazale hakuwa Fredo: maneno niliyochoka kuyasikia kuhusu waigizaji wa pembeni

Kila kundi jipya la wanafunzi wa uigizaji nalionyesha filamu za John Cazale. Na kila kundi halikosi mtu wa kuniambia: "Mwalimu, huyu naye kaigiza nini? Si alikuwa hivyohivyo tu." Nimeisikia mara nyingi mno, na sasa naijibu kwa maandishi ili darasani tuanze na kazi badala ya ubishi.

Kwa asiyemkumbuka kwa jina, ni yule aliyecheza Fredo, kaka yake Michael Corleone katika The Godfather, filamu ya familia ya Mafia. Uso mrefu, paji pana lililokula nusu ya kichwa, macho ya mtu aliyekesha. Alizaliwa Revere, Massachusetts, tarehe 12 Agosti 1935, akafariki Machi 1978 akiwa na miaka 42. Filamu ndefu alizocheza ni tano: The Godfather (1972), The Conversation (1974), The Godfather Part II (1974), Dog Day Afternoon (1975) na The Deer Hunter (1978). Zote tano ziligombea Oscar ya filamu bora, na tatu ziliichukua.

"Alikuwa anajiigiza mwenyewe"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa. Hoja huja hivi: Fredo ni mnyonge, mwoga, anajipendekeza, Cazale ana sura ya kinyonge, basi mwongozaji Francis Ford Coppola alimwona, akamwambia simama pale, kazi ikaisha. Wanaosema hivi wamemtazama katika uhusika mmoja tu. Naomba tutazame filamu tatu, na uso wake tuuache kabisa. Tutazame mkono wake ukiwa umeshika silaha.

Katika The Godfather, baba yake, Don Vito, anapigwa risasi mtaani akinunua matunda. Dereva wa kila siku hakuja kazini, kwa hiyo aliyemleta mzee ni Fredo. Anatoka garini na bastola, na bastola haikai mkononi. Inamrukaruka viganjani, anaidaka, inamponyoka, inaanguka. Wauaji wanatokomea. Yeye anakaa ukingoni mwa barabara, analia na kumwita baba yake. Ni sekunde chache, na hana maneno ya maana ya kusema.

Jaribu wewe kuangusha bastola mbele ya kamera bila watu kucheka. Zoezi hili huwapa wanafunzi kwa bastola ya mbao, na wengi wao huitupa: unaona wazi kwamba mkono umeshaamua kuiachia kabla haijaanguka. Mkono wa Cazale haujaamua kitu. Unataka kushika mpaka dakika ya mwisho, na unashindwa kweli. Ndiyo maana tunamwonea huruma pale ambapo tungemcheka.

Sasa njoo Dog Day Afternoon ya Sidney Lumet. Anacheza Sal, mmoja wa majambazi walioingia benki huko Brooklyn. Hapa bunduki imekuwa kiungo cha mwili wake. Haichezei, haizungushi, haipungi hewani kutisha watu. Mwenzake Sonny, ambaye ni Al Pacino, anakimbia huku na kule, anapiga kelele, anatoka nje kubishana na polisi. Sal amebaki ndani, kimya, na kila mateka anajua kwamba kama humu kuna mtu wa kuua, ni huyu. Halafu mtu huyohuyo anamkemea mfanyakazi wa benki kwa kuvuta sigara, eti mwili ni hekalu la Mungu. Anaogopa jela. Anaogopa ndege, hajawahi kupanda. Hofu anayo, tena nyingi kuliko ya Fredo, ila imemkausha mwili mzima mpaka hatikisiki.

Kisa chenyewe kilitokea kweli, Agosti 1972, na Sal halisi alikuwa kijana wa miaka 18. Cazale alikuwa anakaribia 40. Lumet mwanzoni hakumtaka, alimwona hafanani kabisa na mtu wa kwenye skripti. Pacino ndiye aliyeng'ang'ania apewe nafasi ya kusikilizwa kwanza. Alipofanya usaili, ubishi ukaisha. Mtu asiyeweza kucheza kitu zaidi ya nafsi yake hapewi nafasi ya kijana wa nusu ya umri wake.

Ya tatu ni The Deer Hunter ya Michael Cimino. Cazale ni Stan, wa mji wa kiwanda cha chuma Pennsylvania. Rafiki zake wanakwenda vitani Vietnam, yeye anabaki. Ana bastola ndogo anayotembea nayo hata porini kuwinda, ambako haina kazi. Anaitoa, anaionyesha, anairudisha. Si mtu wa kuiangusha na si mtu wa kuua. Anataka tu ijulikane kwamba anayo. Ni yuleyule anayejitazama kila panapong'aa, anayesahau viatu vya kuwindia nyumbani kisha anakuja juu akinyimwa jozi ya kuazima.

Mikono mitatu tofauti, ya mtu mmoja. Anayejiigiza mwenyewe angekuwa na mmoja.

Na hapo sijagusa jukwaa. Mwaka 1968, kabla dunia haijamjua, alicheza New York katika tamthilia ya Israel Horovitz, The Indian Wants the Bronx. Alikuwa Gupta, Mhindi aliyepotea mjini usiku, hajui Kiingereza, anasubiri basi huku vijana wawili wakimchezea na kumtesa. Mmoja wa vijana hao alikuwa Pacino. Cazale hakuwa na sentensi hata moja ambayo hadhira ya pale ingeielewa, na bado alitoka na tuzo ya Obie, ya maigizo ya New York yasiyo ya Broadway, sawa na Pacino. (Leo nafasi hiyo angepewa mwigizaji mwenye asili ya India, na ingekuwa haki.) Mwaka 1976 alicheza Angelo katika Measure for Measure ya Shakespeare, kwenye bustani ya Central Park. Angelo ni mtawala: mkali, msomi wa sheria, mnafiki, mwenye uwezo wa kumnyonga mtu kwa neno. Nitafutie Fredo ndani ya Angelo.

Kinachowadanganya watu ni kwamba hakuacha alama za juhudi. Tumezoea uigizaji unaojitangaza: mshipa wa shingo, chozi linalosubiri kamera imsogelee mtu, sauti inayopanda. Usipouona jasho unadhani hakuna kazi. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshauchoka na nitaendelea kuutoa: zima sauti. Chukua sini ya The Godfather Part II kwenye nyumba ya boti, Fredo na Michael wanapozungumzia usaliti. Michael amesimama. Fredo amelala chali kwenye kiti cha kuegemea, kiti kimemmeza. Hasira inapompanda anataka kuinuka, kiti hakimruhusu. Mikono inapiga hewa, kichwa kinanyanyuka, kinarudi. Bila kusikia neno utajua nani mdogo kwa umri na nani mdogo kwa nguvu. Ukishaiona hivyo, rudisha sauti.

"Nafasi ikiwa ndogo, fanya mengi ili uonekane"

Huu ni ushauri mbaya ambao vijana wanapewa na watu wazima, na umeniharibia waigizaji wazuri. Ukipewa sini moja, wanasema, kohoa, tafuna kitu, vaa kofia ya ajabu.

Cazale alifanya kinyume: alisikiliza. Katika Dog Day Afternoon, Sonny anamuuliza Sal wakitoroka angependa kwenda nchi gani. Sal anafikiri kwa dhati, kisha anajibu: Wyoming. Wyoming ni jimbo la Marekani. Lumet amesimulia kwamba jibu hilo halikuwa kwenye skripti, na kwamba nusura aiharibu teki kwa kicheko. Watu husifu ubunifu wa neno lile. Mimi nasifu kwamba hakulisema kama kichekesho. Aliulizwa swali, akalijibu kama Sal ambavyo angelijibu, mtu ambaye hajawahi kutoka alikozaliwa. Pacino naye akalipokea bila kutoka kwenye uhusika wake, akamweleza taratibu kwamba ile si nchi.

Pia katika The Conversation, mwanzoni kabisa, Cazale (humu naye anaitwa Stan, ila si yule wa The Deer Hunter) yuko ndani ya gari la kunasa kwa siri mazungumzo ya watu, Union Square, San Francisco. Wanawake wawili wanakuja kujipaka rangi ya midomo kwenye kioo cha gari bila kujua ndani kuna watu. Stan anawapiga picha na kuwasemesha, amefurahi kama mtoto. Bosi wake, Gene Hackman, yuko hapohapo na akili zake zote ziko kwenye kazi. Kwa furaha ile ndogo tumeshamjua Hackman ni mtu gani, kabla hajafungua mdomo kujieleza. Hiyo ndiyo kazi ya mwigizaji wa pembeni. Ukikohoa na kuvaa kofia, utaonekana wewe, na filamu itakwama.

"Hakuteuliwa Oscar hata mara moja, kwa hiyo si wa kiwango hicho"

Ni kweli hakuteuliwa. Sasa hesabu waliomzunguka. The Godfather: Marlon Brando, Pacino, James Caan, Robert Duvall. Part II: Pacino tena, Robert De Niro, Lee Strasberg, Michael V. Gazzo, Talia Shire. Dog Day Afternoon: Pacino na Chris Sarandon. The Deer Hunter: De Niro, Christopher Walken, Meryl Streep. Uteuzi wa uigizaji 14 katika filamu zake, na yeye hana hata mmoja. Mtu akinitumia tuzo kama kipimo, namwomba aeleze ilikuwaje watu 11, wengine zaidi ya mara moja, wakang'ara wakiwa chumba kimoja na mtu asiyejua kazi.

"Alibebwa na urafiki na Pacino"

Walijuana kweli, tangu enzi wote wawili wakiwa matarishi wa Standard Oil hapo New York, kabla ya jukwaa kuwakutanisha tena. Lakini njia ya kwenda kwa Coppola haikupitia kwa Pacino. Fred Roos, aliyekuwa akimsaidia Coppola kutafuta waigizaji, alimwona katika tamthilia nyingine ya Horovitz, Line, akajua amempata Fredo. Wakati huo Cazale alikuwa amesomea uigizaji chuo kikuu cha Boston na ameshapiga jukwaa miaka mingi. The Godfather ilipotoka alikuwa na miaka 36. Wanafunzi wa miaka 21 wanaoniambia wamechelewa, soma tarakimu hiyo tena.

"Alikuwa mume wa Meryl Streep"

Hawakuoana. Walikutana kwenye Measure for Measure, yeye Angelo na Streep Isabella, wakaishi pamoja mpaka mauti. Saratani ya mapafu iligundulika 1977. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Akaigiza The Deer Hunter akiwa mgonjwa. Wenye fedha walihofia bima, na Cimino akapanga sini zake zipigwe kwanza. Filamu ilitoka Desemba 1978, miezi tisa baada ya kifo chake, kwa hiyo hakuiona. Unapomtazama Stan akiringa na kubishana, kumbuka anayefanya hivyo ana nguvu kiasi gani mwilini.

"Alicheza filamu sita, yumo hata Part III"

The Godfather Part III, ile ya 1990, imetumia picha zake za zamani. Alikuwa ameshafariki miaka 12.

"Mwigizaji wa pembeni ni steringi aliyeshindwa"

Mwigizaji wa Marekani Walter Brennan hakuwa wa kwanza kwenye bango la filamu yoyote kati ya tatu zilizompa Oscar ya mwigizaji msaidizi: Come and Get It (1936), Kentucky (1938) na The Westerner (1940). Alikuwa mwigizaji wa kwanza kufikisha Oscar tatu, akiwapita masteringi wote wa Hollywood wa wakati wake. Hizi ni kazi mbili tofauti. Steringi hubeba hadithi; wa pembeni huipa hadithi dunia ya kutembelea. Anayekuja kwangu akitaka kuanzia pembeni ili akifika katikati asiangalie nyuma, huwa namshauri asubiri kwanza, maana atazicheza nafasi ndogo zote kwa dharau na kamera huiona dharau haraka sana.

Kwa anayetaka kumtazama Cazale vizuri, naomba asianze na The Godfather. Ukianza na Fredo utamwona Fredo kila mahali. Anza na Dog Day Afternoon, kisha The Conversation, kisha The Deer Hunter, halafu ndipo umalizie na zile mbili za akina Corleone. Na katika kila moja, chagua sini ambayo yeye haongei, umkazie macho yeye peke yake mpaka iishe.