Uliza nani kalisoma andiko, usianze na bei

Jumanne ya wiki mbili zilizopita, mhadhiri msaidizi mmoja alinifuata nyumbani Chumbageni, Tanga, na kompyuta yake kwapani. "Shikamoo Dokta." "Marahaba baba, karibu ndani." Chai haijapoa, akatamka maneno ambayo mwaka huu nimeshayasikia kwa watu sita: "Lile jarida la utafiti uliloniambia nililiacha, wanamtoza mwandishi. Jarida la kweli halitozi."

Badala yake andiko lake akalipeleka kwenye jarida lililomwandikia lenyewe, likamsifu na kumwambia kwao ni bure. Siku ya nne wakamjibu kuwa limekubaliwa, bila kuguswa hata nukta. Siku ya tano ikaja ankara ya dola 180, "gharama za kupanga kurasa". Aliposema hana na anaomba andiko lake, ikaja ankara ya pili: dola 300, ada ya kuliondoa.

Andiko lenyewe ni kazi ya miezi kumi na minane juu ya mwani. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, alikuwa anaingia majini na kina mama wakulima, anapima joto la maji, anapima uzito kamba kwa kamba, anaandika jinsi mwani wa aina ya kotonii unavyopauka na kukatika joto likizidi huku ule wa spinosum ukistahimili. Kazi ya namna hiyo huwezi kuirudia kwa mwezi.

Nimekasirika, wala si na yeye. Nimekasirika na ushauri aliopewa na wakubwa zake kazini, kwenye semina na kwenye korido: ukiona wanadai hela, kimbia. Ni rahisi kuukumbuka, ndiyo maana unaenea. Lakini ushauri huo umemfanya alikimbie jarida zuri na kumwacha wazi mbele ya lile baya, kwa sababu lile baya liliujua ushauri huo vizuri kuliko yeye.

Jarida lina gharama. Kuna mfumo wa kupokea maandiko, mhariri wa lugha, mpangaji kurasa, seva, DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni) ya kila makala. Lazima mtu alipe. Kwa muda mrefu aliyelipa alikuwa msomaji, kupitia maktaba yake. Katika majarida ya ufikivu huria msomaji halipi, kwa hiyo mzigo unahamia kwa mwandishi, au mfadhili wake, au chuo, au chama cha wanataaluma. Wala kumtoza mwandishi hakukuletwa na intaneti. Majarida ya fizikia ya Marekani yalikuwa yanatoza kwa ukurasa tangu miaka ya 1930. Mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza yuro 9,500 kwa makala moja ya ufikivu huria. Kwa mtafiti wa huku bei hiyo naiona dhuluma, na nitaendelea kusema hivyo. Lakini hakuna atakayesema kwamba Nature hawasomi maandiko. Bei kubwa ni tatizo moja, utapeli ni jingine.

Na kinyume chake pia. DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ina maelfu ya majarida, na zaidi ya nusu hayamtozi mwandishi hata senti. Yanabebwa na vyuo na vyama. Kwa hiyo wapo wa kweli wanaotoza, wapo wa kweli wasiotoza, na wapo matapeli wanaoanza na neno "bure".

Sasa hapa ndipo naomba tusikilizane, maana ndipo watu wanaponichosha. Fedha peke yake haikuambii kitu. Inayokuambia ni kile ambacho fedha hiyo inanunua.

Kuna ada ya kuwasilisha. Majarida kadhaa ya uchumi huitoza kabla mpitiaji yeyote, yaani mtaalamu wa fani anayelipima andiko kabla halijachapwa, hajalifungua. Unalipa, na unaweza kukataliwa, na hurudishiwi. Watu wakisikia hivyo wanashtuka, lakini tazama vizuri: umelipia kusomwa. Jibu bado liko huru. Kuna ada ya uchapishaji, inayodaiwa baada ya andiko kukubaliwa. Katika jarida linaloendeshwa ipasavyo, mhariri anayeamua hajui kama wewe utalipa au utaomba msamaha wa ada. Uamuzi unakaa upande mmoja, ankara upande mwingine. Halafu kuna malipo ya tatu, ambayo huvaa jina lolote kati ya hayo, lakini kinachouzwa ni jibu lenyewe. Hapo hakuna aliyesoma. Jibu la "ndiyo" liko tayari kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Kinachosubiriwa ni fedha tu.

Majina ya ada hizi yanafanana, kiasi kinaweza kufanana, hata ankara zinafanana. Ukishika ankara mkononi huwezi kutofautisha. Inabidi urudi nyuma uangalie kilichotokea kati ya siku ya kutuma na siku ya kujibiwa. Kijana wangu alipewa siku nne na sentensi moja ya pongezi. Hakuna aliyemuuliza swali. Mwani wa miezi kumi na minane, na hakuna binadamu hata mmoja aliyeuliza kwa nini kamba za mwezi wa pili ni pungufu!

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alifanya jaribio ambalo matokeo yake yalitoka katika jarida la Science. Alitunga andiko la uongo kuhusu kemikali ya kuzuia saratani, akapanda humo makosa ambayo mpitiaji yeyote makini angeyaona. Chati, kwa mfano, haikukubaliana na maelezo yake. Akalituma kwa majarida 304 ya ufikivu huria, yote ya kutoza ada. 157 yakalikubali, 98 yakalikataa, mengine yalikuwa yamekufa au hayajaamua. Wengi hunukuu ile 157 kuthibitisha kuwa ada ni utapeli. Hawasemi kwamba PLOS ONE, jarida linalotoza, lililisoma kwa ukali na kulikataa. Hawasemi kwamba miongoni mwa yaliyokubali yalikuwamo majarida ya wachapishaji wakubwa wanaoheshimika. Na hawasemi kwamba majarida ya wasomaji kulipia hayakujaribiwa kabisa, kwa hiyo huwezi kulinganisha.

Kuna jambo moja katika jaribio hilo linaloniuma mpaka leo. Majina ya waandishi aliyoyabuni ni ya Kiafrika, na taasisi alizozibuni aliziweka katika miji mikuu ya Afrika, ili mhariri akitafuta mtandaoni asione kitu na asishangae. Lilikuwa chaguo la hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Sisi tunaoandika kutoka Tanga ndio tunaolipia hesabu hiyo kila tunapotuma andiko.

Basi unalichunguzaje jarida kabla ya kutuma? ISSN? Hiyo ni namba tu ya kulitambulisha jarida. Mtandao wa ISSN wenye makao yake Paris hulipatia jina la jarida namba kama nyumba inavyobandikwa namba mlangoni. Haimaanishi kuwa mtu ameingia kuangalia kama ndani kumefagiliwa. Vipimo vya athari, yaani namba za kuonyesha makala za jarida zinanukuliwa kiasi gani, vinavyobandikwa ukurasa wa mbele, vihakikishe kwa mwenye kipimo, usivihakikishe kwa jarida lenyewe. Bodi ya wahariri: waandikie wawili uwaulize kama wanajua wamo. Tovuti za kuigiza za majarida halisi zipo, angalia anwani herufi kwa herufi. Hayo ni ya dakika ishirini.

Kuhusu msamaha wa ada, naandika kwa wino mzito. Wachapishaji wengi wakubwa hufuta ada yote au huipunguza kwa mwandishi wa nchi kama yetu, lakini mara nyingi ni kwa majarida yaliyo huria kabisa, si yale yenye makala huria na za kulipia pamoja. Na wengi wanataka uombe wakati unawasilisha. Ukisubiri mpaka ukubaliwe ndipo ulie, umechelewa. Jarida alilolikimbia kijana wangu lina msamaha huo. Asingelipa kitu.

Niseme na yale ninayoyaona nikiwa upande wa pili wa meza, maana nisingependa mtu adhani nauza mapitio ya wapitiaji kama dawa ya kila ugonjwa. Nahariri jarida dogo. Kupata wapitiaji wawili huwa naandika barua nane, wakati mwingine kumi. Hawalipwi. Kuna ripoti zinazokuja na kurasa tatu za maswali yanayoliokoa andiko, na kuna ripoti zinazokuja na mstari mmoja: "Nzuri, ichapishwe." Mpitiaji wa mstari mmoja yupo pia katika majarida yenye jina. Kwa hiyo mpaka kati ya jarida zuri na baya hauko wazi kama tunavyowachorea wanafunzi ubaoni. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado aliyekuwa na orodha maarufu ya majarida ya kitapeli, aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na hata ilipokuwepo iligusa majarida ambayo kosa lake kubwa lilikuwa umaskini: tovuti mbovu, Kiingereza kilichopinda. Mimi mwenyewe sijui nilitendee haki vipi jarida maskini lenye wasomaji wa kweli ninapolazimika kuamua kwa haraka.

Shaka yangu kubwa zaidi inatoka kwenye fani yangu, mimea. Lile ua dogo la zambarau la Usambara wazee wa milimani walikuwa nalo kwenye miamba yao miaka yote. Mwaka 1892 Saint Paul, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, akalipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akachapisha maelezo yake na kuliita Saintpaulia ionantha. Kwa botania, hesabu inaanzia kwenye karatasi hiyo iliyochapwa. Tangu tarehe 1 Januari 2012 kanuni zetu za kuipa mimea majina zinakubali pia faili la PDF mtandaoni, mradi liwe katika chapisho lenye ISSN au ISBN (namba ya kitabu). Kanuni haziulizi kama kuna aliyelisoma. Maana yake mtu akilitaja ua jipya la Usambara katika jarida la siku nne na akatimiza masharti ya kanuni, jina linasimama, na sisi wote tutalibeba na makosa yake. Kwa hiyo ninapowaambia vijana "kule hakuhesabiki", katika fani yangu sisemi kweli yote. Kwa alama za kupandia cheo huenda pasihesabike. Kwa jina la mmea panahesabika milele.

Bahati yake, andiko la mwani halina jina jipya ndani. Na hakuwa amesaini fomu yoyote ya kuwapa haki. Jioni ile tuliandika barua fupi ya kuliondoa andiko, tukataja tarehe zote, tukakataa kulipa, tukahifadhi kila imeili. Hawakujibu. Tukaandika tena Jumatano, kimya. Halafu tukaandika barua kwa mhariri wa lile jarida la kwanza, tukamweleza kisa chote bila kuficha, maana hakuna mhariri anayependa kugundua mwenyewe kwamba andiko limewahi kupita mahali pengine. Kijana alitaka barua tuifupishe iwe mistari miwili. Nikamkatalia. Na fomu ya msamaha wa ada tukaijaza palepale.

Alilituma Alhamisi. Jana alinipigia simu, sauti juu, nikadhani ameshakataliwa. Mhariri hajalikubali wala hajalikataa. Kabla ya kulipeleka kwa wapitiaji ameuliza swali moja: maji yalipokupwa, kipimajoto kilibaki ndani ya maji au kilikaa juani?

Jibu limo kwenye daftari lake la bamvua. Anakuja nalo leo baada ya Alasiri.