Udongo wa Multani: usingoje ukauke

Anayepaka multani mitti, udongo wa Multani wa kujipaka usoni, utamjua: kakaa kimya, hacheki, hata simu hapokei, anangoja uso upasukepasuke kama tope la kiangazi. Anaamini kadiri unavyobana ndivyo unavyofanya kazi, na ukimuuliza atakwambia ndiyo Ayurveda hiyo, yaani tiba ya jadi ya Kihindi.

Basi Ayurveda yenyewe inakataza. Sushruta Samhita, mojawapo ya vitabu vya kale kabisa vya tiba ya Kihindi, kinaagiza kwamba lepa, yaani dawa ya kubandika juu ya ngozi, isiachwe ikauke, isipokuwa ile ya kukamulia jipu. Ikishakauka haifai kitu na inaleta maumivu. Ule mbano unaousikia ni tope linalosinyaa, si ngozi inayokazika. Kazi ya udongo huu ni kunyonya mafuta, na ndiyo maana Ulaya udongo wa jamii hiyo ulitumika kutolea mafuta kwenye vitambaa vya sufu. Ukiuacha hadi ukauke, ngozi nayo inabaki kavu na kuwasha. Kwa hiyo kingo zikianza kupauka, lowesha kwa maji, uoshe. Mwenye ngozi kavu au ukurutu bora auache kabisa.

Wapo wanaoupaka ili wawe weupe. Udongo unaondoa mafuta na vumbi, uso ukatakata. Rangi ya ngozi hutengenezwa ndani, na udongo haufiki huko. Habari ya "kuvuta sumu mwilini" nayo ni ya matangazo. Sumu za mwili hushughulikiwa na ini na figo, hazingoji Jumamosi upake uso.

Jina nalo huwachanganya watu. Multan ni mji wa Punjab, Pakistani, lakini pakiti ya dukani huenda imechimbwa Rajasthan, India. Wala si udongo pekee katika Ayurveda: upo gairika, mwekundu kwa sababu ya chuma, na gopichandana wa manjano, unaohusishwa na mji wa Dwarka, India, ambao Wahindu wengi hujichorea alama kwenye paji la uso.

Linalonitia hofu zaidi ni lile neno "asili", eti kwa hiyo hauna madhara. Risasi na aseniki ni vitu vya asili pia, na hupatikana udongoni. Vijidudu vya pepopunda navyo hukaa humo humo. Usiupake penye kidonda wala chunusi zilizopasuka, na kitovu cha mtoto mchanga usikisogelee nao. Mjamzito mwenye hamu ya udongo asiufanye huu wa uso kitafunio.

Na ndimu ambayo wengine huichanganya na udongo huu? Iache jikoni. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi ya wiki kadhaa. Udongo uchanganye na maji ya waridi, kama liwa inavyochanganywa huku pwani, au maji matupu.