Doa jeupe la kioo halitoki kwa sabuni
Ukiosha gari mjini Moshi, hukosi wa kukuambia kwamba madoa meupe ya kioo ni uchafu sugu: ongeza sabuni ya unga, sugua kwa waya wa sufuria. Sivyo. Mengi ya madoa hayo ni madini, hasa chokaa, yanayobaki maji yanapokaukia kwenye kioo kilichopata jua. Sabuni huondoa mafuta, chokaa haiitikisi. Waya ndio balaa kabisa, maana hukokota chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo, na mikwaruzo yake utaiona usiku, taa za malori zikikumulika barabara ya Himo.

Kinachoyeyusha chokaa ni asidi. Lowanisha kitambaa kwa siki nyeupe, kibandike juu ya doa kwa dakika chache, gari likiwa kivulini, kisha futa na usuuze vizuri. (Limau nalo hufaa, ila huacha unato.) Siki isichuruzikie kwenye rangi. Doa likigoma hata hivyo, huenda maji yameshakula kioo chenyewe, na hapo anatakiwa fundi wa kukisugua kwa oksidi ya seriamu, unga laini wa kung'arishia kioo. Utando wa mafuta uliogomea sabuni ni habari nyingine: huo unataka spiriti.