Utegemezi wa pombe: tazama asubuhi yake

"Anakunywa, lakini halewi." Katika kliniki ninapofanya kazi hapa Moshi, wake, kaka na akina mama wa wagonjwa huniambia hivyo mara kwa mara, na wanasema kwa nia ya kumtetea mtu wao. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nikisikia maneno hayo, ndipo ninapozidi kuuliza.

Mtu anayemaliza bia saba, akarudi nyumbani ametembea wima, akafunga geti, akasalimia na kula ugali wake bila kumwaga mchuzi, si kwamba pombe haimuingii. Inamuingia, ila ubongo wake umeshaizoea. Mtaani anasifiwa kuwa ana kichwa. Sisi tunaita usugu, na ni mojawapo ya dalili za utegemezi. Yule kijana anayepepesuka kwa bia mbili kwenye harusi, mara nyingi yuko mbali zaidi na ugonjwa huu kuliko mjomba wake aliyemsindikiza nyumbani.

Pombe hupoza ubongo. Ukiupoza kila siku, nao unajibu kwa kujichangamsha zaidi ili mtu abaki macho na aweze kufanya kazi. Ni kama dereva aliyekanyaga breki na mafuta kwa pamoja: gari linakwenda taratibu na hakuna anayeshtuka, mpaka siku breki inapoachiwa. Pombe ikipungua mwilini, mchangamko ule unabaki peke yake. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinapanda, na hofu inaingia isiyo na sababu. Hali hii huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Aliyeacha kunywa saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi tayari ametimiza saa 8.

Kwa hiyo nawaomba ndugu waache kuhesabu chupa za jioni, watazame asubuhi. Anashikaje kikombe cha chai? Kwa mikono miwili, au anaomba kisijazwe? Amerudia kufunga vifungo vya shati mara ngapi? Ameacha kunyoa ndevu mwenyewe na sasa anasubiri kinyozi afungue? Wengi watakwambia ni baridi ya mlima. Lakini baridi haiondoki kwa kupita grosari dakika kumi. Akirudi akiwa ametulia, mkono umenyooka na uso umechangamka, basi ulichokiona ni arosto ya pombe, yaani mwili kuteseka kwa kuikosa, na alichokwenda kuchukua ni dawa yake. Kuzimua kwa aliyekesha kwenye sherehe mara moja ni jambo moja. Kuzimua kila siku ili mtu aweze kusaini hundi ni jambo jingine kabisa.

Dalili nyingine ni hizi. Hamu inayomtawala hata akiwa kwenye kikao au ibadani. Kushindwa kuishia pale alipopanga, kama yule anayesema "naonja moja tu" na kurudi alfajiri. Mambo aliyoyapenda, iwe shamba, kwaya, mpira au watoto, kuachwa moja moja ili muda wa kunywa upatikane. Na kuendelea kunywa huku akijua madhara yake, baada ya daktari kumwonyesha ini lake au mwajiri kumwandikia barua. Ukijumlisha usugu na arosto zinakuwa sita, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tuliouzoea unataka tatu au zaidi zionekane ndani ya mwaka mmoja. Kuna jambo moja linalowachanganya ndugu: aliyekunywa miaka mingi akianza ghafla kulewa kwa kidogo, wanafurahi kwamba amepunguza. Huenda ini limechoka. Mleteni apimwe.

Kuhusu kiasi, tatizo letu la kwanza hapa Kilimanjaro ni kwamba mbege haihesabiwi. Nikimuuliza mzee kama anakunywa pombe, anajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Nikiuliza mbege, anasema, "Hiyo si chakula, binti yangu?" Namwelewa. Ndizi na ulezi, kwenye mahari ipo, kwenye msiba ipo, na kata inazunguka kwa heshima. Siidharau mila hiyo, nami nimelelewa ndani yake. Lakini kileo ni kileo, na mbege ya mpishi huyu si sawa na ya yule, kwa hiyo nauliza kila kinywaji kwa jina lake: bia, mbege, waini, pombe kali, gongo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo, yaani vipimo viwili vya gramu 10 tunavyotumia kuhesabu. Chupa ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 inakaribia gramu 55. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo za plastiki zinaingia mfukoni vilevile. Wanawake wengi wanaofika kwangu walikuwa wakinywea chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na kwa kiasi kilekile mwili wa mwanamke huumia mapema zaidi.

Kupima kiwango tunatumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40, na tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa hapa hapa Moshi kwa majeruhi waliofika hospitali ya KCMC. Alama 8 hadi 15 ni unywaji wa hatari, na mara nyingi mazungumzo ya kina yanatosha. 16 hadi 19, madhara yameanza, na tunahitaji kuonana zaidi ya mara moja. Kuanzia 20, uwezekano wa utegemezi ni mkubwa na mtu anahitaji kuchunguzwa kikamilifu. Nawaambia wagonjwa wangu wazi kwamba kati ya "mlevi" na "mzima" kuna ngazi nyingi, na ngazi za chini ndizo rahisi kushuka. Inaniuma kwamba wengi tunakutana nao wakiwa juu kabisa, kwa sababu ndugu walikuwa wakimsubiri alale mtaroni ndipo waseme anaumwa.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi. Kwaresima ikikaribia, watu wanajiwekea nadhiri ya kuacha pombe siku arobaini. Kwa mnywaji wa kawaida ni jambo jema. Kwa mtu anayetetemeka asubuhi, kuacha ghafla Jumatano ya Majivu kunaweza kumwangusha kifafa Alhamisi, na kuanzia Ijumaa akaanza kuchanganyikiwa. Kifafa cha arosto huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuchanganyikiwa huja kati ya siku ya pili na ya nne.

Wodini tunalijua hili vizuri. Kijana wa bodaboda amevunjika mguu, siku ya kwanza anaongea na kutania. Siku ya tatu usiku anachuma wadudu kwenye shuka ambao hakuna mwingine anayewaona, anavuta dripu, anamwita mama yake shangazi, jasho limelowesha godoro na homa imepanda. Ndugu wananong'ona: malaria imepanda kichwani, au kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyeulizwa kuhusu pombe wakati wa kulazwa, na mama hakutaka kumwaibisha mtoto. Hali hii inaua, lakini inatibika: diazepamu kwa vipimo vya daktari, maji ya kutosha, na vitamini B1, yaani thiamini, kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu ubongo wa mnywaji wa muda mrefu umeishiwa vitamini hiyo na unaweza kupata madhara ya kudumu ya kumbukumbu.

Kwa hiyo, kama mtu wako anatetemeka asubuhi, usimfungie ndani wala usimmwagie pombe yote ukadhani umemsaidia. Asiache kwa ghafla kabla hajaonwa na mtaalamu. Akianguka kifafa, akiona visivyokuwepo, au akitapika bila kukoma, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Na tafadhali, mama zangu na dada zangu, msimtilie "dawa ya kuacha pombe" kwenye supu bila yeye kujua. Zipo dawa ambazo zikikutana na pombe zinashusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa anapaswa kujua anachomeza, na kukubali.

Kuzungumza naye, chagueni muda ambao hajalewa wala hayuko kwenye arosto, na watoto wasiwepo. Msimwite mlevi. Mwambieni mlichokiona: kikombe, vifungo, siku aliyokosa kazini. Akikubali kuja, nitawauliza mambo matatu: alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, alikunywa nini na kiasi gani, na kama aliwahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha. Msinifiche hilo la tatu, maana mtu aliyewahi kuanguka hatumrudishi nyumbani na vidonge, tunamlaza.