Majani ya Manjano Si Lazima Yawe Kilio cha Mbolea

Wakulima wengi wa mimea ya vyunguni huamini kwamba jani likigeuka manjano, mmea una njaa na dawa yake ni mbolea zaidi. Imani hiyo huua mimea mingi iliyokuwa na chakula cha kutosha. Mizizi iliyozama katika udongo uliolowa kupita kiasi hukosa hewa na kushindwa kufyonza virutubisho vilivyopo; vilevile, udongo wenye pH (kipimo cha asidi na alkali) inayozidi 7 huyafunga madini ya chuma hata yakiwa tele. Kuongeza mbolea katika hali hiyo hulimbikiza chumvi, nayo chumvi huzuia mizizi kupata maji, hadi ncha za majani zikaungua.

Kabla ya kugusa mfuko wa mbolea, tazama manjano yameanzia wapi. Naitrojeni huhama ndani ya mmea, hivyo ikipungua majani makuukuu ya chini ndiyo hufifia kwanza, ilhali chuma hakihami, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga, ambayo hupauka huku mishipa yake ikibaki kijani. Jani moja kuukuu linalojifia chini, kwa maoni yangu, halistahili tiba yoyote. Chumvi ikishazidi, mwagilia maji safi kwa wingi yachuruzike chini ya chungu, kisha uache udongo ukauke kiasi.